Asidi Kabla ya Fedha: Mwongozo wa Kutambua Halojeni na Ioni Nyingine za Kawaida

Miaka kadhaa iliyopita, katika maabara ya sekondari moja ya kata iliyoko kwenye miteremko ya Mbeya, niliwawekea wanafunzi wa kidato cha nne sampuli tano zisizo na majina: chumvi ya mezani, magadi ya kupikia makande, majivu ya maganda ya maharage, mbolea ya SA (salfeti ya amoniamu) na mbolea ya kupandia ya DAP. Mwanafunzi mmoja alidondosha naitreti ya fedha kwenye myeyusho wa DAP, akapata mashapo (chembe ngumu zinazojitenga na myeyusho) ya njano safi, akaandika bila wasiwasi kwamba sampuli ile ina iodidi. Macho yake hayakumdanganya, kwa kuwa rangi ilikuwa njano kweli. Kosa lilikuwa langu: nilipoandika utaratibu ubaoni nilikuwa nimeruka mstari mmoja, ule unaosema asidi itangulie. DAP ni fosfeti ya amoniamu, na fosfeti ya fedha ni ya njano kama iodidi ya fedha; tofauti yao ni kwamba ya kwanza huyeyuka mara ukitia asidi ya naitriki, na ya pili haitikisiki.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu au mwanafunzi mwenye maabara ndogo, asiye na vifaa vya gharama, anayetaka kutambua kloridi, bromidi na iodidi kwa uhakika, na kuzipima ioni nyingine anazokutana nazo mara kwa mara katika chumvi, maji na mbolea.

Halojeni kwa ufupi

Halojeni ni elementi za kundi la 17 katika jedwali la elementi: florini, klorini, bromini, iodini na astatini. Jina lenyewe limetoka katika Kigiriki na maana yake ni kizalisha chumvi. Kila atomu ya halojeni ina elektroni saba katika ganda la nje, hivyo hutafuta moja tu ili ganda lijae, na ikiipata huwa ioni yenye chaji hasi moja. Nguvu ya kuinyakua elektroni hiyo hupungua kadiri tunavyoshuka katika kundi, kwa kuwa atomu huwa kubwa zaidi na ganda la nje huwa mbali na kiini. Ndiyo sababu florini ni kali kiasi kwamba haikutengwa hadi mwaka 1886, kazi iliyofanywa na Henri Moissan wa Ufaransa, ilhali iodini ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka 1811 kutoka katika majivu ya mwani wa baharini. Katika joto la kawaida klorini ni gesi ya kijani-njano, bromini ni kimiminika chekundu-kahawia kinachotoa mvuke, na iodini ni fuwele nyeusi zenye mng'ao ambazo mvuke wake ni wa zambarau.

Sokoni na shambani hatukutani na elementi hizi zikiwa huru. Tunakutana na ioni zake, na ioni hizo hazina rangi. Maji yenye kloridi na maji yenye iodidi yanafanana kabisa, na hapo ndipo fedha inapohitajika, kwa sababu kloridi, bromidi na iodidi za fedha karibu haziyeyuki katika maji. Lita moja ya maji huyeyusha takribani miligramu 2 tu za kloridi ya fedha, bromidi ni chini ya hapo mara kumi na zaidi, na iodidi ni chini zaidi ya zote. Floridi haimo katika orodha hii: floridi ya fedha huyeyuka vizuri sana, kwa hiyo kipimo hiki hakiioni hata kidogo. Mtu anayetaka kujua kama maji ya chemchemi ya moto yana floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ayapeleke kwenye maabara yenye kipimo chake maalumu.

Hatua ya kwanza: maji na vitendanishi

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Maji ya bomba huwa na kloridi, kwanza kutoka ardhini, kisha kutokana na klorini iliyotumika kuyatibu, na matone machache ya naitreti ya fedha hutosha kuyafanya yawe na ukungu. Tumia maji yaliyotoneshwa. Yanayopatikana kwa urahisi mjini ni yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea betri za magari, lakini soma chupa kwa makini, kwa sababu pembeni yake huuzwa asidi ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, na wauzaji wengine huziita zote mbili maji ya betri. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa kwa beseni safi uwanjani, mbali na paa, baada ya mvua kunyesha kwa muda na kuosha vumbi hewani, hufaa kwa kazi hii.

Naitreti ya fedha ni ghali, hivyo tengeneza kidogo. Yeyusha gramu 0.85 katika maji yaliyotoneshwa ujaze hadi mililita 100, utapata myeyusho wa moli 0.05 kwa lita, ambao unatosha kwa darasa zima. Hifadhi katika chupa ya kahawia au iliyofungwa karatasi nyeusi, kwa kuwa mwanga huuharibu. Andaa pia asidi ya naitriki ya moli 2 kwa lita, amonia ya moli 2 kwa lita, na kiasi kidogo cha amonia kali itakayotumiwa na mwalimu peke yake, karibu na dirisha lililo wazi.

Kabla ya kugusa sampuli yoyote, fanya jaribio tupu. Weka mililita 2 za maji yako katika testitubu, ongeza matone 5 ya asidi ya naitriki na matone 5 ya naitreti ya fedha, kisha tazama testitubu ikiwa mbele ya kitambaa cheusi. Ikibaki angavu, endelea. Ikiwa na ukungu, usiendelee. Tafuta maji mengine au suuza vyombo upya, kwa kuwa mara nyingi kloridi hiyo imetoka kwenye vidole vyenye jasho au testitubu iliyosuuzwa kwa maji ya bomba.

Hatua ya pili: asidi, na ipi

Chukua sampuli kiasi cha ncha ya kijiko, iyeyushe katika mililita 5 za maji, uchuje ikiwa na takataka. Chota mililita 2 za myeyusho huo uweke katika testitubu safi, kisha tia asidi ya naitriki tone baada ya tone huku ukitikisa. Magadi yatachemka kwa povu. Endelea kuongeza asidi hadi povu likome kabisa, halafu ongeza matone mengine 5. Majivu nayo hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa yana kaboneti ya potasiamu.

Kazi ya asidi hapa ni kuondoa wale wanaoweza kujifanya halojeni. Kaboneti huunganika na fedha na kutoa mashapo meupe yanayoelekea njano, haidroksidi hutoa mashapo ya kahawia, na fosfeti hutoa yale ya njano yaliyomponza mwanafunzi wangu. Asidi huwaondoa wote watatu, na atakayebaki akiganda mbele ya fedha ni kloridi, bromidi au iodidi.

Si kila asidi hufaa. Asidi ya haidrokloriki ina kloridi ndani yake, kwa hiyo ukiitumia kila sampuli itatoa mashapo meupe, hata maji matupu, na utaapa kwamba kijiji kizima kinakunywa maji ya chumvi. Asidi ya salfuriki nayo huweza kutoa salfeti ya fedha nyeupe ikiwa kali. Naitreti haishiki fedha, na ndiyo maana asidi ya naitriki ndiyo inayotumika.

Hatua ya tatu: fedha na kusoma rangi

Dondosha naitreti ya fedha matone 5, tikisa, na usome mara moja. Kloridi hutoa mashapo meupe yanayogandana kama maziwa mgando, bromidi hutoa ya rangi ya malai, na iodidi hutoa ya njano. Kwa maneno ni rahisi. Kwa macho si rahisi hivyo, hasa kati ya nyeupe na malai. Chini ya taa yenye mwanga wa njano kila kitu huonekana malai. Soma kwa mwanga wa mchana, karatasi nyeupe ikiwa nyuma ya testitubu, lakini usisimame juani: jua la mchana la Julai, pamoja na baridi yake yote, huigeuza kloridi ya fedha kuwa ya zambarau-kijivu kwa dakika chache, na mtu aliyechelewa kuandika matokeo hubaki akibahatisha. Njia bora ni kuwa na testitubu za kulinganishia, moja ya kloridi ya potasiamu, nyingine ya iodidi ya potasiamu, na ya bromidi kama shule inayo, zilizotengenezwa dakika ile ile.

Kwa kuwa rangi peke yake haitoshi, hakikisha kwa amonia. Acha mashapo yatue, mwaga kwa uangalifu maji ya juu, kisha ongeza amonia ya moli 2 kwa lita, mililita 3 hivi, utikise kwa nguvu. Mashapo ya kloridi yatatoweka na myeyusho kuwa angavu. Yasipotoweka, mwalimu achukue sehemu ndogo ya mashapo na kuitia amonia kali: bromidi itayeyuka, iodidi itabaki njano vile vile. Usitumie mashapo mengi, kwa sababu hata kloridi ikizidi hukosa amonia ya kutosha kuiyeyusha, na wengi wameiita bromidi kwa sababu hiyo tu.

Sampuli ikiwa na kloridi na iodidi kwa pamoja, tikisa mashapo na amonia iliyozimuliwa, chuja, kisha tia asidi ya naitriki katika kile kilichopita kwenye chujio hadi karatasi ya litmasi iwe nyekundu. Kloridi ya fedha itarudi ikiwa nyeupe, wakati iodidi imebaki juu ya karatasi ya chujio.

Jambo moja halina mzaha. Myeyusho wenye fedha na amonia usiachwe mezani hadi kesho yake, kwa kuwa ukikaa huweza kuunda tope jeusi linalolipuka kwa kuguswa tu. Mara baada ya kusoma matokeo, tia asidi ya naitriki katika kila testitubu iliyotiwa amonia.

Njia ya kuthibitisha: halojeni kuondoana

Halojeni iliyo juu katika kundi huinyang'anya elektroni ioni ya iliyo chini yake. Mwalimu akitia tone moja moja la maji ya klorini katika mililita 2 za myeyusho wa bromidi, myeyusho hugeuka njano au chungwa. Katika iodidi hugeuka kahawia. Tia kisha wanga: iodini huugeuza buluu nzito karibu na nyeusi, bromini haifanyi hivyo. Wanga hauhitaji kununuliwa katika mkoa wenye viazi mviringo kila kona. Paruza kiazi kimoja, kamua maji yake, acha wanga utue, kisha chemsha kijiko kidogo cha wanga huo katika kikombe cha maji na uache upoe kabisa, kwa kuwa rangi ya buluu hufifia katika joto.

Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huweza kutumika badala ya maji ya klorini, matone mawili tu yaliyozimuliwa, lakini isichanganywe na asidi nje ya usimamizi wa mwalimu, maana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Tena usizidishe. Klorini ikizidi, ile kahawia ya iodini hupotea na myeyusho hukosa rangi tena, kwa sababu iodini imeendelea mbele na kuwa iodeti, yaani ioni ya iodini iliyounganika na oksijeni.

Chumvi yenye madini joto

Iodeti hiyo ndiyo hasa inayotiwa katika chumvi ya mezani, ikiwa iodeti ya potasiamu, na ndiyo watu wanayoiita madini joto. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa muda mrefu kuwa na watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, kwa kuwa mvua za milimani huosha iodini kutoka udongoni na kuipeleka mbali, na mazao yanayoota humo hukosa. Chumvi ya kienyeji, mfano ile iliyotengenezwa kwa karne nyingi kwa kuchemsha maji ya chemchemi za Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, haikuwa imetiwa madini hayo.

Wanafunzi huuliza kwa nini chumvi ya dukani haitoi mashapo ya njano kwa naitreti ya fedha ikiwa ina iodini. Hesabu hujibu. Chukua kijiko cha gramu 5 za chumvi yenye miligramu 15 za iodini kwa kilo. Ndani yake mna mikrogramu 75 za iodini na gramu 3 za kloridi, yaani kloridi ni zaidi mara 40,000. Zaidi ya hayo, iodini hiyo si iodidi bali ni iodeti. Kwa hiyo tunaikamata kwa mlango mwingine: iodeti ikikutana na iodidi palipo na asidi, zote mbili hugeuka iodini huru, na wanga huionyesha.

Weka chumvi kijiko kimoja kwenye kisahani cheupe. Changanya mililita 10 za wanga uliopoa na gramu 0.5 za iodidi ya potasiamu, dondosha matone 5 juu ya chumvi, halafu tone moja au mawili ya siki au asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Rangi ya zambarau au buluu ikijitokeza, madini joto yamo, na kadiri inavyokolea ndivyo yalivyo mengi. Asidi iwe ya mwisho na usome matokeo ndani ya dakika moja, kwa sababu iodidi yenye asidi hugeuka buluu yenyewe ikiachwa hewani. Usitumie limau badala ya siki: vitamini C iliyomo humeza iodini yote, na chumvi nzuri itaonekana haina kitu.

Salfeti, kaboneti na ioni za mbolea

Kwa salfeti, chukua sehemu mpya ya myeyusho, tia asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kisha matone ya kloridi ya bariamu. Mashapo meupe yasiyoyeyuka katika asidi ni salfeti. Kamwe usirudi na sehemu hiyo kupima halojeni, kwani umeshaitia kloridi mara mbili. Bariamu inayoyeyuka ni sumu, hivyo mikono ioshwe. Wakulima wa tumbaku wa Chunya wana sababu ya pekee ya kujali vipimo hivi viwili, kwa kuwa jani la tumbaku iliyolishwa kloridi nyingi huungua vibaya, na potashi ya salfeti hupendelewa kuliko potashi ya kloridi. Chembe chache za mbolea katika testitubu mbili, moja ya bariamu na nyingine ya fedha, hutoa jibu. Ila mbolea ya salfeti huwa nayo ina kloridi kidogo, kwa hiyo ukungu mwepesi usiufananishe na mashapo mazito.

Kaboneti hujulikana kwa povu la asidi na gesi inayogeuza maji ya chokaa kuwa meupe. Ukiendelea kupitisha gesi hiyo, weupe hupotea.

Amoniamu ndiyo ioni chanya inayofaa kuanza nayo, kwa kuwa imejaa madukani. Pasha moto kwa uangalifu SA, DAP au CAN (mbolea yenye kalsiamu na naitreti ya amoniamu) pamoja na haidroksidi ya sodiamu, ile kostiki ya watengeneza sabuni, na shikilia karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa mdomoni mwa testitubu bila kugusa kingo zake: itageuka buluu. Urea haitoi amonia upesi hivyo, kwa sababu haina amoniamu. Ina naitrojeni iliyofungwa kwa namna nyingine. Kwa naitreti ya CAN, endelea kuchemsha hadi amonia yote iishe na litmasi mpya isibadilike, kisha tumbukiza vipande vidogo vya karatasi ya alumini. Alumini na kostiki huivunja naitreti na kutoa amonia upya.

Metali nyingi hujitambulisha kwa kostiki ile ile: shaba hutoa mashapo ya buluu, chuma hutoa ya kijani chafu au ya rangi ya kutu kutegemea chaji yake, na kalsiamu hutoa meupe yasiyoyeyuka hata kostiki ikizidi. Zinki, alumini na risasi hutoa meupe yanayoyeyuka kostiki ikizidi. Amonia ikizidi huyeyusha ya zinki pekee, na iodidi ya potasiamu hutoa njano kwa risasi peke yake. Sodiamu na potasiamu hazitoi mashapo, hivyo hupimwa kwa mwali: chovya waya mwembamba wa koili ya jiko la umeme katika asidi ya haidrokloriki, kisha katika sampuli, uuweke kwenye mwali wa gesi. Sodiamu huwa njano kali, potasiamu ni zambarau hafifu inayofunikwa na sodiamu kidogo tu, kwa hiyo mwali wa majivu ya maharage huhitaji kutazamwa kupitia kioo cha buluu cha kobalti, kinachozuia njano ya sodiamu.

Baada ya kazi

Mabaki yote ya fedha, yakiwa yameshatiwa asidi, yakusanywe katika chupa moja ya kahawia. Chupa ikijaa, tia chumvi ya mezani hadi mashapo mapya yasitokee, acha yatue, mwaga maji ya juu na uyahifadhi mashapo, kwa kuwa fedha hiyo yaweza kurejeshwa. Madoa meusi yatakayotokea vidoleni kesho yake hayatoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Huondoka yenyewe ngozi inapojivua, na mwanafunzi anayetaka kuyaepuka avae glavu kabla ya kufungua chupa.